Kuhamia tangi la matumbawe la sm 180: tupange taa, mabomba na vifaa kabla kioo hakijatobolewa

#1 Mwambani

Wakuu, salaam. Naweka hapa mpango wa tangi la sm 180 × 60 × 60 litakalochukua nafasi ya lile la lita 200. Matumbawe ni ya mchanganyiko: Euphyllia na Acanthastrea chini, Montipora katikati, Acropora juu ya mwamba. Kioo hakijatobolewa na stendi haijachomelewa, kwa hiyo kosoeni bila huruma.

Kioo mm 15, bila mikanda ya juu. Sampu (tangi la chini linalobeba vifaa) sm 110 × 45 × 45, maji yake yakisimama sm 23. Ukitoa unene wa kioo, mawe na mchanga, maji halisi ya mfumo mzima yanakuja kama lita 600, na hiyo ndiyo namba ya hesabu zote, si lita 648 za vipimo vya nje.

Uzito: maji ya juu kilo 515, kioo kilo 150, mawe na mchanga kilo 90, sampu na maji yake kilo 155, stendi kilo 80. Ni karibu tani moja juu ya futi chache za sakafu.

Vifaa: taa tatu za LED za wati 190, pampu ya kurudisha maji ya lita 4,000 kwa saa, hita mbili za wati 300, skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) ya ndani ya sampu, pampu mbili za mawimbi. Wapi pamepwaya?

#2 Nuru420

Mkuu Mwambani, nianze na taa, maana ndizo zitakazoamua mwamba ukae wapi.

Acha wati kwanza. Wati ni umeme unaoingia kwenye taa. Tumbawe linapokea fotoni, yaani chembe za mwanga. Kipimo chake ni PAR, yaani mikromoli za fotoni zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde. Kwa orodha yako lenga hivi: Acanthastrea 50 hadi 100, Euphyllia 80 hadi 150, Montipora 150 hadi 250, Acropora 250 hadi 350. Unaweza kuvuka hapo, lakini mwani unaoishi ndani ya tishu ya tumbawe una kikomo cha mwanga unaoweza kuutumia. Kinachozidi hakiongezi ukuaji, kinazalisha kemikali zinazoumiza tishu, na tumbawe linaanza kuufukuza mwani huo. Ndipo linapopauka.

Sasa taa tatu kwa sm 180. Kila moja itahudumia mraba wa sm 60 × 60, na kwenye karatasi inapendeza. Shida ni kwamba taa ya LED yenye lenzi humwaga mwanga mwingi chini yake moja kwa moja na kuufanya uwe haba pembeni. Unaweza kupata 400 katikati ya kila mraba na 100 kwenye mpaka kati ya taa na taa, kina kilekile. Ukiongeza nguvu ili pembeni pafike 200, katikati unachoma. Ushauri wangu: taa nne zikiendeshwa asilimia 55 hadi 65, badala ya tatu zinazosukumwa asilimia 90. Mwanga unasambaa, vivuli vinapungua, na taa yenyewe inafanya kazi ikiwa baridi zaidi, jambo linalorefusha maisha ya vijitaa na feni.

Kivuli ndicho watu wanakisahau. Acropora ikikua kama kichaka, matawi ya juu huyanyima mwanga ya chini, na taa ikiwa nukta moja juu yake basi upande wa chini unabaki mtupu na kufa taratibu. Mwanga unapaswa kuja kutoka pande zaidi ya moja. Kwa hiyo zile nne usizipange kwenye mstari mmoja ulionyooka: mbili zisogee mbele kidogo, mbili nyuma kidogo, kwa kupishana.

Kimo cha kuning'iniza: anza sm 25 juu ya maji. Ukishusha hadi sm 15, nguvu inaongezeka katikati na upana unapungua. Ukipandisha hadi sm 40, upana unaongezeka lakini mwanga mwingi unamwagika nje ya kioo. Fanya reli iwe ya kupanda na kushuka, kwa sababu utahitaji kuingiza mikono yote miwili hadi mabegani siku ya usafi.

Halafu muda. Tumbawe linahesabu jumla ya siku. PAR 300 kwa saa 10 ni moli 10.8 kwa mita ya mraba. PAR 250 kwa saa 12 ni moli 10.8 hiyohiyo. Saa za kupandisha na kushusha mwanga taratibu hesabu nusu. Anayewasha kwa muda wa saa 14 ili afurahie tangi jioni ameongeza mwanga hata kama hakugusa nguvu ya taa.

Kuhusu rangi: kazi kubwa inafanywa na mawimbi ya nanomita 400 hadi 480. Jicho la mtu linaona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, kwenye kijani, kwa hiyo tangi la buluu tupu linaonekana hafifu huku PAR ikiwa imepaa. Usipime kwa jicho hata siku moja. Weka nyeupe kidogo, asilimia 10 hadi 15 ya chaneli yake, walau saa chache za mchana. Chini ya buluu tupu huoni mwani unaoanza kutambaa wala tishu inayoanza kuchubuka kwenye shina.

#3 Kaskazi

Kuhusu kutawanya mwanga niko na Nuru420, ila ipo njia nyingine: LED tatu pamoja na mirija minne ya T5, yaani taa nyembamba za fluoresenti. Mrija wa wati 80 una urefu wa mm 1449, kwa hiyo kwenye tangi lako unabakisha kama sm 17 kila upande, sehemu ambazo kwa kawaida huachwa kwa ajili ya pampu. T5 inamwaga mwanga kama shuka moja, vivuli vinalainika, na kule mbele na nyuma ya mwamba ambako LED zinapapuuza panapata uhai.

Gharama yake ni kwamba mirija inachoka. Badilisha kati ya miezi 9 na 12, na usibadilishe yote kwa mpigo. Mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, la sivyo matumbawe yanapokea ongezeko la ghafla. Pia ni wati 320 zaidi, na joto lake linashuka kwenye maji.

Metal halide, zile taa za balbu kali ya gesi, naitaja tu ili isidhaniwe imesahaulika. Inakuza vizuri sana, lakini tatu za wati 250 zitakulazimisha kununua mashine ya kupoza maji. Kwa mfumo mpya siioni sababu.

#4 Mwambani

Asanteni. Je, kwa Euphyllia na Acanthastrea tu chini, kweli kuna haja ya T5? Na kupima PAR, nipime wapi na wapi?

#5 Nuru420

Kwa hizo za chini hakuna haja. T5 ina maana kama Acropora zitajaa upana wote wa juu. Kama ni makoloni matano au sita, taa nne zinatosha. Weka bajeti ya mirija kwenye kifaa cha kupimia, au kiazime.

Kifaa kiwe na kihisi kinachosoma vizuri sehemu ya buluu na chenye marekebisho ya kusoma chini ya maji. Vihisi vya kizazi cha zamani husoma buluu pungufu, nawe unapandisha taa ukidhani ni hafifu. Gawa tangi kila sm 20 kwa urefu, mistari mitatu kwa upana: mbele, kati, nyuma. Pima kina cha sm 15, 30 na 50. Zima pampu wakati wa kupima, kwa sababu mawimbi ya juu yanakusanya mwanga na kuutawanya na namba zinarukaruka. Ukimaliza, chora ramani. Hapo ndipo unapanga mawe, na wala si kinyume chake.

Kama utafunika kwa wavu wa kuzuia samaki kuruka, pima wavu ukiwa juu.

#6 FundiBomba

Mkuu, nimesubiri sehemu ya mabomba kwa hamu, maana kosa la taa unalirekebisha kwa kidole lakini tundu la kioo halirudi nyuma.

Pampu ya kurudisha: kupitia sampu unahitaji mara 3 hadi 5 ya maji yote kwa saa, yaani lita 1,800 hadi 3,000 zinazofika juu kweli. Lita 4,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni za kimo sifuri. Toka sampu hadi ukingo wa tangi ni kama mita 1.4, ongeza elbo na vali, na pampu nyingi za ukubwa huo zitabakiwa na nusu tu. Angalia mchoro wa pampu kwenye kimo cha mita 2 na uchague inayotoa lita 2,500 hapo. Iwe ya DC inayorekebishika, na bomba la kupandisha liwe pana kuliko mdomo wa pampu. Badala ya elbo moja ya nyuzi 90, tumia mbili za 45.

Kushusha maji: matundu matatu, si moja. La kwanza ni saifoni kamili (bomba lililojaa maji matupu) yenye geti vali (vali inayofungwa taratibu kwa kuzungusha), linabeba karibu maji yote na halipigi kelele kwa sababu halina hewa. La pili liko wazi na linachukua tone la ziada. La tatu ni la dharura, mdomo wake uko juu zaidi na ni kavu siku zote. Ukisikia maji kwenye la tatu, la kwanza limeziba. Konokono mmoja anatosha. Tumia geti vali, usitumie ya mpini wa kugeuza robo. Ile ya robo ukiisogeza kidogo tu saifoni inakatika, nawe utashinda hapo unarekebisha.

Umeme ukikatika ndipo sampu inapojulikana. Uso wa maji wa tangi lako ni karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni lita 10. Ukiweka mdomo wa maji yanayorudi sm 10 chini ya uso, pampu ikisimama bomba linageuka saifoni na lita 100 zinarudi chini. Sampu yako, maji yakiwa sm 23, ina nafasi ya lita 93 tu hadi sm 2 chini ya ukingo. Zinazobaki zinakwenda sakafuni. Weka mdomo sm 2 chini ya uso: lita 20, na za kwenye mabomba labda 5. Umelala salama.

Tundu dogo la kuvunja saifoni linasaidia, lakini mwani unaliziba. Vali ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee kabisa. Chembe moja ya chokaa ikikaa kwenye mlango wake, inavuja. Zima pampu kwa makusudi siku ya majaribio ukiwa na maji matupu, uone yanaposimama, kisha chora mstari kwa kalamu kwenye kioo cha sampu.

Yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) kila upande wa pampu na kila upande wa geti vali. Bila yunioni utakata bomba siku ya kubadilisha pampu.

#7 Kaskazi

Niongeze mawimbi kwa ufupi. Ndani ya tangi lenye lita 500, mara 30 hadi 40 ni lita 15,000 hadi 20,000 kwa saa. Pampu mbili za lita 10,000, moja kila ncha, zikipokezana. Usizielekeze moja kwa moja kwenye Euphyllia. Tishu yake itachanika kwenye ukingo wa mfupa. Nyuma ya mwamba acha sm 8 hadi 10 wazi, la sivyo mashapo yanajikusanya huko na fosfeti haitashuka hata ubadilishe maji kila wiki.

Pampu moja iwe na betri ya akiba. Umeme ukikatika kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, baridi inakuja baadaye sana.

#8 Chumvi35

Nimepita kimya hadi hapa kwa sababu mabomba na taa vimejibiwa vizuri. Kilichobaki ni kile ambacho matumbawe yatakula kila siku.

Kabla ya kununua mashine yoyote ya kudozi, yaani ya kuongeza madini kidogokidogo, pima alkalini (akiba ya kabonati majini, kipimo chake dKH) ya tangi la sasa kwa siku nne mfululizo, saa ileile, bila kuongeza chochote. Ujue linatumia kiasi gani kwa siku. Kwa lita 600, kupandisha dKH 1 kunahitaji gramu 11.3 za kabonati ya sodiamu. Kalsiamu inayotumika sambamba ni kama mg 7 kwa lita, nayo inarudishwa na gramu 16 hivi za kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji. Matumizi yakiwa dKH 0.5 kwa siku, gawa kwa mbili. Pampu ya kudozi ya vichwa viwili inafanya kazi hiyo kwa miaka. Gawa dozi mara 12 au zaidi kwa siku, na vimiminika viwili visikutane: viingie sehemu mbalimbali za sampu, au vipishane walau dakika 30, la sivyo vinaganda kuwa chokaa papo hapo.

Maji ya chokaa ni njia nyingine nzuri kwa tangi linaloanza. Yaliyokolea kikamilifu yana karibu dKH 114 kwa lita. Tangi lako litavukiza kama lita 5 kwa siku. Zote zikija kupitia chokaa ni dKH 0.95 kwa siku kwenye lita 600, pamoja na kalsiamu yake. Ila usiunganishe chokaa na kijazio cha maji kinachotegemea kihisi kimoja. Kihisi kikinasa, pH inapaa na asubuhi unakuta maji meupe na samaki wanahema juu. Pitishia pampu ya kudozi yenye kikomo cha mililita kwa saa.

Hata bila chokaa, pipa la kujazia lisiwe kubwa bila sababu. Lita 40 za maji matamu zikiingia zote kwa mpigo, chumvi inashuka kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji hadi 32.8. Si kifo, lakini ni mshtuko. Lita 120 ni habari nyingine kabisa. Na mdomo wa mpira wa kujazia ukae juu ya maji ya sampu, usizame, la sivyo saifoni inalimwaga pipa lote hata pampu ikiwa imezimwa.

Namba za kushikilia: chumvi 35, joto nyuzi 25 hadi 26, alkalini dKH 7.5 hadi 8.5, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,280 hadi 1,400, naitreti 5 hadi 15, fosfeti 0.03 hadi 0.1 (hizi nne kwa mg kwa lita). Usikimbilie sifuri kwenye hizo mbili za mwisho. Mawe mapya makavu yananyonya na kutoa fosfeti bila mpangilio miezi ya mwanzo. Vikifika sifuri, mawe yanashikwa na dinoflajelati, ule utando wa kahawia wenye viputo ambao hauondoki kwa kubadilisha maji. Kwa kweli kubadilisha maji mara kwa mara wakati huo mara nyingi kunaupa nguvu. Na alkalini ya 10 au 11 ikikutana na fosfeti ya sifuri, ncha za Acropora zinaungua.

Mchanga wa zamani usiuhamishe ulivyo. Ndani yake kuna miaka ya uchafu na mifuko isiyo na hewa. Ukiuvuruga, amonia na gesi ya salfa vinatoka ghafla. Uoshe mpaka maji yatoke safi, au weka mpya. Bakteria wanaohitajika wako kwenye mawe, nayo yahamishwe yakiwa yamelowa muda wote.

Skima: chagua iliyopimwa kwa lita 600 zenye samaki wengi, kisha soma kina chake cha maji. Nyingi zinataka kati ya sm 18 na 24. Iweke kwenye chumba ambacho kimo cha maji hakibadiliki. Kimo kikicheza, povu linafurika leo na kukauka kesho, nawe unalaumu mashine.

#9 FundiBomba

Umeme haujaguswa. Taa nne kwa asilimia 60 ni kama wati 460, hita wati 600, pampu zote na skima wati 180. Jumla ni wati 1,240. Kwa volti 230 ni ampea 5.4, zinabebeka, lakini zigawe njia mbili: hita moja na pampu moja ya mawimbi upande huu, hita na pampu ya pili upande wa pili. Njia moja ikianguka tangi bado linahema. Kila njia iwe na kikata umeme cha uvujaji cha mA 30. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni na lisiingie kwenye plagi. Transfoma za taa zisikae ndani ya kabati la sampu. Unyevu wa chumvi unazila.

Hita zipitie kidhibiti kimoja cha nje chenye kihisi chake, na kidhibiti cha ndani cha kila hita kiwekwe nyuzi moja juu yake. Kifaa kinachoharibika mara nyingi kwenye hita ni swichi yake, inanasa ikiwa imewasha.

#10 Mwambani

Nimebadilisha: taa nne kwa kupishana, matundu matatu, mdomo wa maji sm 2, pampu inayotoa lita 2,500 kwa mita 2, pipa la kujazia lita 40, njia mbili za umeme. Dozi itafuata vipimo vya siku nne. Limebaki swali la siku ya kuhama: taa mpya zianze na nguvu gani?

#11 Nuru420

Kabla hujahama, pima PAR mahali kila tumbawe linapokaa sasa na uandike. Kwenye tangi jipya liweke mahali penye namba hiyohiyo, au pungufu kidogo, hata kama si mahali pake pa kudumu. Kama huwezi kupima, anza na nusu ya nguvu uliyopanga. Panda asilimia 5 kwa wiki. Usibadilishe rangi na nguvu wiki moja.

Ukiona weupe, angalia uko wapi kabla ya kugusa taa. Ukiwa juu tu, kwenye nyuso zinazotazama taa, na upande wa kivuli una rangi yake, mwanga ni mwingi: rudi asilimia 10 na usubiri wiki mbili. Tumbawe zima likipauka pamoja na upande wa kivuli, pima naitreti, fosfeti na alkalini kwanza, taa haina kosa hapo. Likigeuka kahawia zito na polipu (vijimdomo vya tumbawe) zinatoka vizuri, si ugonjwa. Limeongeza mwani kwa sababu mwanga ni mdogo kuliko lilivyozoea, au chakula kimezidi majini. Hilo ndilo la kupandisha taratibu hadi sehemu ya juu ya mwamba, sm 10 kila baada ya wiki mbili.